Je, wajua kwa nini ua la mmea mgonjwa hubadilika harufu?

Harufu ya ua ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi ambazo mmea huziachilia hewani ili kuwaita wadudu wachavushaji. Kemikali hizo hutokana na malighafi zilezile ambazo mmea huzihitaji kwa ajili ya kujikinga, na kwa sababu hiyo ugonjwa huweza kubadilisha harufu hata pale ua lenyewe linapoonekana zima.

Mmea unaposhambuliwa na virusi, bakteria au kuvu, mara nyingi huongeza homoni za kinga, ikiwemo asidi ya salisiliki. Sehemu ya asidi hiyo hugeuzwa kuwa methili salisileti, ambayo ndiyo yenye ile harufu kali ya dawa ya kuchua misuli. Sukari ya nekta, yaani maji matamu ya ua, nayo huweza kupungua au kuongezeka.

Mfano unaostaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa nyanya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba nyuki wakubwa wenye manyoya wa jamii ya Bombus, wakiongozwa na harufu tu bila kuiona mimea, walipendelea nyanya zenye kirusi cha batobato cha tango kuliko zilizo na afya. Ugonjwa huo hupunguza mbegu za nyanya, lakini mimea migonjwa iliyotembelewa na nyuki iliongeza mbegu zake. Watafiti wakapendekeza kwamba huenda kirusi, kwa kuwavuta wachavushaji, huusaidia mmea usioweza kukipinga uendelee kuzaana, na hivyo hujihifadhia makazi.

Kwetu Uganda, uhusiano huu wa ua, mdudu na ugonjwa unagusa chakula chenyewe. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, uliogunduliwa nchini mwetu katika wilaya za Mukono na Kayunga mwaka 2001, huenezwa pia na wadudu wanaofuata nekta ya ua dume, kwa kuwa bakteria hupenya kupitia makovu mabichi yanayobaki maganda ya ua yanapodondoka. Aina ya ndizi iitwayo Kayinja huathirika sana kwa njia hiyo, ilhali aina ya Nakitembe, ambayo maganda yake hubaki yameshikilia, huepuka kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, wala wasilikate kwa panga, ambalo huweza kubeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.