Kuchagua Piki ya Gitaa: Kati ya Piki na Uzi, Kipi Kipinde?

Kijana mmoja anayepiga gitaa la solo kanisani, maeneo ya Chikongola hapa Mtwara, alinijia akilalamika kwamba gitaa lake linalia kama bati. Alikuwa amebadilisha nyuzi mara mbili ndani ya mwezi mmoja, amepunguza sauti kali kwenye amplifaya mpaka mwisho, na fundi alikuwa amemshauri anunue pikapu mpya, yaani kile kifaa cha gitaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, ambayo ingemmalizia fedha yote aliyoipata msimu ule wa korosho. Nilimwomba anipe piki aliyokuwa akiitumia, yaani kile kibamba kidogo cha kudonolea nyuzi. Ilikuwa ya nailoni, nyembamba kiasi kwamba niliikunja kwa vidole viwili mpaka ncha ikakaribia kugusa mgongo wake, na ukingo ulikuwa umechakaa na kuota vijinywele ambavyo kidole kinavihisi kabla jicho halijaviona. Nikampa yangu ya milimita 0.88 na kumwambia apige kipande kilekile bila kugusa kitu kingine chochote. Hakununua pikapu.

Nimefundisha gitaa kwa miaka 17, kwanza Lindi mjini na sasa hapa Mtwara, na katika muda wote huo sijaona kifaa kinachodharauliwa kama hiki. Mtu atauliza maswali kwa wiki nzima kuhusu gitaa na amplifaya, kisha piki ataichukua yoyote iliyobaki kwenye kikopo cha muuzaji. Mimi naamini kwamba piki ndiyo sehemu ya kwanza ya sauti, kwa kuwa ndiyo inayougusa uzi, na kwamba haichaguliwi kwa jina la kampuni wala kwa bei, bali kwa kazi ambayo mkono unaifanya.

Piki inapokutana na uzi, lazima kimojawapo kipinde. Piki nyembamba, ya milimita 0.40 hadi 0.60, hupinda yenyewe kabla uzi haujasogea sana, kisha huchomoka. Kwa hiyo uzi hutikisika kidogo, sauti hutoka nyepesi, na mgongano wa plastiki na chuma husikika pamoja na noti. Piki nene, kuanzia milimita 1 kwenda juu, haipindi, na uzi ndio unaosukumwa pembeni mpaka uteleze kwenye ncha, ukiwa umebeba nguvu yote iliyotoka kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana piki nyembamba humsamehe mpigaji mwenye mkono mzito, wakati piki nene husema kila kitu alichokifanya, kizuri na kibaya. Unene huo si jambo la kukisia. Piki za Tortex za kampuni ya Jim Dunlop, kwa mfano, zina rangi inayotaja kipimo: nyekundu ni milimita 0.50, ya chungwa 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya buluu 1.0 na ya zambarau 1.14. Mwanafunzi akiziweka rangi hizo kichwani anaweza kumwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam na akaletewa kile alichokitaka.

Anayeongoza kwaya kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, hucharaza nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja, juu na chini, na nyuzi za gitaa hilo mara nyingi ni za namba 12 ya unene, nzito kuliko zile za namba 9 au 10 zinazofungwa kwenye gitaa la umeme. Kwake yeye piki inapaswa kupinda, la sivyo itakwama kwenye uzi wa tatu na mapigo yatayumba. Mimi humpa ya 0.60 au 0.73, pana, yenye ncha ya mviringo. Chini ya 0.50 simruhusu, kwa sababu hapo waimbaji husikia makofi ya plastiki badala ya muziki. Ridhimu ya muziki wa dansi ni kazi nyingine, kwa kuwa mpigaji hagusi nyuzi sita bali mbili au tatu, na kila mguso unatakiwa ukatike mahali pake, hapo 0.73 ni mwanzo mzuri, na wengi niliowafundisha huishia 0.88.

Kwenye solo ndipo ninapotumia muda mwingi, hasa kwa vijana wanaotaka kupiga sebene. Sebene ni ile sehemu ya kasi ya muziki wa dansi wa Kongo ambamo gitaa hurudia kifungu kifupi kwenye nyuzi nyembamba, na mpigaji hudonoa uzi kwa kwenda chini na kupanda juu bila kupumzika. Piki inayopinda huchelewa kurudi katika umbo lake, na kuchelewa huko, ijapokuwa ni kwa muda mfupi mno, kunatosha kuufanya mpigo wa juu uwe dhaifu kuliko wa chini, hata kifungu kizima kisikike kama kinachechemea. Mwanafunzi hudhani mkono wake ni mzito, akajitesa kwa mazoezi, kumbe mkono uko sawa. Kwa sebene napendekeza kati ya 0.88 na 1.14. Wapo wanaopenda piki ndogo ya Jazz III, ambayo katika toleo lake linalojulikana zaidi ina milimita 1.38 na ncha kali. Ni piki nzuri kwa mkono uliokomaa, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huidondosha, kwa kuwa hakuna pa kushika.

Kingine ni ncha. Ncha kali huugusa uzi mahali padogo sana, nayo huamsha zaidi zile sauti nyembamba zilizofichwa juu ya noti kuu, ndipo gitaa likang'aa na wakati mwingine likakera. Ncha ya mviringo huzilaza sauti hizo, na noti hutoka nene na laini zaidi. Tazama tena piki ya kawaida ya pembetatu uliyonayo: ina kona tatu, na mbili kati ya hizo ni za mviringo. Igeuze upigie bega lake, na papo hapo utakuwa na sauti ya pili bila kutoa hata shilingi. Shika kwa kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, uache milimita 3 hadi 5 tu zikitokeza. Ukiacha nusu ya piki nje, hata iliyo nene itayumba.

Upande wa vitu ambavyo piki hutengenezewa, hali ya hewa yetu ya pwani ina neno lake. Nailoni hunywa unyevu na kulegea, na katika miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, nimeona piki ileile ikiwa laini zaidi mkononi kuliko ilivyokuwa wakati wa kipupwe. Seluloidi, plastiki ya zamani, ina mlio mtamu, lakini uso wake ukikutana na jasho huteleza. Katika harusi moja Mikindani piki ya seluloidi ilinichomoka katikati ya wimbo ikaangukia ndani ya tundu la gitaa kavu, nami nikamalizia kwa kucha. Tangu siku hiyo, nikijua nitapiga usiku kwenye joto, nachukua zile zenye uso usiong'aa, ambao una mkwaruzo kama wa vumbi jepesi, au naikwaruza piki yangu kwa msasa pale ninapoishikia, wala si kwenye ncha.

Vijana wengi hukata piki kutoka kwenye kadi za benki zilizokwisha muda wake. Siwakatazi. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76, ambao ni wa kati hasa, na kwa mazoezi ya nyumbani zinatosha kabisa. Tatizo ni ukingo, kwa kuwa mkasi huacha kingo mbili kali ambazo huukwangua uzi na kutoa mlio wa kuparuza. Usugue kwa msasa laini, kisha kwa kitambaa cha jinzi, mpaka kidole kisihisi kitu. Plastiki ya galoni la mafuta usihangaike nayo, kwani ni laini mno.

Piki ninayoipenda kuliko zote nilichongewa na fundi wa vinyago wa Kimakonde kutoka kwenye kipande cha mpingo kilichobaki. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, mti uleule ambao Ulaya hutengenezewa klarineti, na uzito huo ndio unaompa mpigaji sauti nzito isiyo na kelele ya mgongano. Fundi aliikata ya kwanza nyuzinyuzi za mti zikipita kwa upana, nayo ikavunjika ncha siku ileile. Ya pili akaielekeza nyuzinyuzi hizo kutoka kwenye mgongo kwenda kwenye ncha, akaiacha na unene wa milimita 2 na kuichonga ukingo taratibu, na hiyo ninayo mpaka leo. Kwa kucharaza haifai hata kidogo, kwa kuwa haipindi, lakini kwa solo la polepole kwenye gitaa kavu, na hata kwa gitaa la besi, sijapata iliyoizidi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu gamba la ng'amba, aina ya kasa wa baharini, ambalo lilikuwa ndilo piki ya kifahari kabla Luigi D'Andrea hajaanza kutengeneza piki za seluloidi mjini New York mwaka 1922. Jibu langu ni moja. Ng'amba yuko hatarini kutoweka, biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku, na sisi tunaishi jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambamo bado anaonekana. Ukiletewa, usinunue.

Wapo pia wasiohitaji piki kabisa. Jean Bosco Mwenda, mpigaji gitaa wa Katanga huko Kongo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na anayetaka mtindo ule wa besi na solo kwenda pamoja katika gitaa moja aanze kwa vidole.

Mwanafunzi mpya anaponiletea piki yake ya zamani, naiweka kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa imelika sawasawa pande zote mbili za ncha, mkono wake unakwenda sambamba na nyuzi. Ikiwa imelika upande mmoja tu, kifundo kimepinda, na pengine ndilo jambo la kurekebisha kabla ya kununua piki nyingine. Ile ya kijana wa Chikongola ilikuwa imelika upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo tulipomaliza habari ya unene tulikaa wiki tatu na kifundo cha mkono.