“Did not went” inatoka wapi? Dhana potofu kuhusu nyakati za Kiingereza

“Ukikariri jedwali la nyakati 12, umemaliza.”
Jedwali lile lililobandikwa ukutani linasaidia kujibu mtihani kuliko kuongea. Kitenzi cha Kiingereza chenyewe hubadilika umbo kwa nyakati mbili tu, uliopo na uliopita: “work”, “worked”. Zilizobaki hujengwa kwa visaidizi vitatu, “be”, “have” na “will”. Mwanafunzi anayevijua hivyo, pamoja na maumbo ya kitenzi (“go, went, gone, going”), anajiundia zote 12 bila kukariri mstari hata mmoja.

“-na- ni ‘continuous’, -me- ni ‘perfect’, -li- ni ‘past’.”
Hii ndiyo inayoharibu zaidi, na mara nyingi huanzia ubaoni. Chukua sentensi “Mama anauza zabibu Majengo.” Huenda mama yuko sokoni sasa hivi na beseni lake, au ndiyo kazi yake ya siku zote, hata kama leo amelala nyumbani. Kiswahili kinakuachia uelewe mwenyewe. Kiingereza kinakulazimisha uchague: “is selling” kwa sasa hivi, “sells” kwa kazi yake. Kipimo ni kujaribu kuweka hu-. Ukiweza kusema “mama huuza zabibu” na maana ikabaki ileile, andika “sells”. (Vitenzi kama “know” na “want” havitaki -ing kwa kawaida: “najua” ni “I know”, si “I am knowing”.)

Kwa -me- kazi ni kubwa zaidi, maana inakwenda njia tatu. “Amemaliza kazi” ni “She has finished the work”, hapo hakuna ugomvi. “Amefika jana” watu tunaisema kila siku, lakini “She has arrived yesterday” ni kosa: ukishataja jana, wiki iliyopita au 2019, muda umefungwa, na Kiingereza kinataka “She arrived yesterday”. Njia ya tatu ni -me- ya hali. “Amevaa sketi ya bluu” ni “She is wearing”, “amelala” ni “She is asleep”, “nimechoka” ni “I am tired”. Kwa hiyo kabla ya kuandika “has”, jiulize mambo mawili: kuna neno linalotaja muda uliokwisha? Hali yenyewe bado inaendelea mbele ya macho?

“‘Did not went’ ni uzembe.”
Mtoto ana sababu yake. Amefundishwa kuwa jana ni “went”, naye anaiweka kila mahali penye jana. Hajaambiwa kwamba “did” ndiyo imeshabeba wakati, na alama ya wakati haibebwi mara mbili. “Does” nayo ni hivyohivyo, huichukua ile -s: “She sells”, lakini “She does not sell”. Zoezi linalofaa ni kusema kwa sauti sentensi tatutatu: “Neema went. Neema did not go. Did Neema go?” Vitenzi kumi kwa siku vinatosha.

“Kigogo cha nyumbani kinaharibu Kiingereza.”
Hapana. Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma, ni lugha ya Kibantu, nacho huweka alama za wakati mbele ya mzizi kama Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa kijijini Bahi anayeongea Kigogo na wa mjini anayeongea Kiswahili wanajikwaa palepale.

“Jambo lijalo lazima liwe na ‘will’.”
Ratiba haihitaji “will”. Treni ya SGR ya kwenda Dar ikiwa inaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, unasema “The train leaves at six tomorrow morning.” Mwanafunzi akiandika “leaves at twelve”, usimkate alama ya kitenzi. Kitenzi amekipatia, alichokosa ni saa, kwa kuwa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na yao usiku wa manane.