Kinga ya ulevi huanzia kwenye ujazo wa kifungashio

Kiroba, yaani kifuko kidogo cha pombe kali, cha mililita 50 chenye kilevi cha asilimia 40 kina mililita 20 za kilevi halisi, yaani gramu 16 hivi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Havipishani sana, ila bia humchukua mtu nusu saa na zaidi, na kila aliye karibu anaiona mezani. Kiroba hukatwa kwa meno, mafunda mawili kimekwisha, kifuko kinatupwa. Mzazi, mwalimu au trafiki haoni kitu. Hii ndiyo sababu wataalamu wa afya ya jamii huanza na ujazo, bei na saa za kuuza, ndipo waje kwenye mahubiri juu ya tabia ya mnywaji.

Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Kenya ilikuwa imekataza pombe ya pakiti kwa sheria ya 2010, ikaweka pia saa za baa: saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Uganda ilifuata 2019. Mwanafunzi mwenye shilingi mia chache hamudu chupa kubwa, na chupa kubwa haifichiki kwenye soksi.

Lakini marufuku huvuja. Muuzaji wa duka hufungua chupa na kuuza kwa kipimo, na vichupa vidogo vya plastiki hushika nafasi ya kifuko. Mwingine hurudi kwenye gongo. Hatari kubwa ya pombe isiyojulikana ilikotoka ni methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, ambayo huwezi kuitambua kwa ladha: Kenya, Mei 2014, iliua makumi ya watu. Mtu akiona ukungu machoni saa kadhaa baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe alale kwanza, pombe itaisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mnywaji wa kila siku anayenyang'anywa pombe ghafla, iwe kwa sheria au kwa familia iliyochoka. Ubongo wake umezoea kufanya kazi ukiwa umetulizwa na kilevi. Kikiondoka, unabaki umechachamaa. Saa 6 hadi 24 baada ya funda la mwisho huanza kutetemeka, jasho na kichefuchefu. Kuanguka kama mwenye kifafa kunaweza kutokea ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na hapo ndugu huhisi ni mashetani. Hali hiyo huua. Kumfungia chumbani "mpaka imtoke" ni kosa, hata kama nia ni njema. Anayezimua kila asubuhi ili mikono itulie aache akiwa chini ya uangalizi wa kituo cha afya. Huko hupewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo hutangulia dripu ya glukosi au huenda nayo. Glukosi peke yake inaweza kumharibu ubongo.

Kwa ambao hawajafika huko, zahanati yoyote inaweza kuuliza maswali matatu: unakunywa mara ngapi, siku ukinywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 au zaidi kwa mkao mmoja (kipimo kimoja ni gramu 10 hivi za kilevi halisi, yaani nusu ya ile bia ya mililita 500). Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Mwanamume mwenye jumla ya 4 au zaidi, au mwanamke mwenye 3 au zaidi, anastahili mazungumzo ya dakika 5 hadi 10, bila karipio. Aulizwe pia kuhusu usingizi, huzuni na mawazo ya kujidhuru, kwa kuwa wengi hunywa ili walale, kumbe pombe hiyohiyo huwaamsha saa 9 usiku wakiwa na hofu. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, na dawa za kuua wadudu ziondolewe nyumbani siku hiyohiyo.