Kipanya Anasingiziwa

Juzi tena. Mgonjwa hajaketi vizuri, ananinyooshea kiganja: "Daktari, ni kompyuta hii." Ameshanunua kipanya kipya na kimto cha kuegemeza mkono. Ganzi ya vidole iko palepale.

Nikamuuliza habari za usiku. Huamka mara mbili tatu, akaukung'uta mkono kama anayekausha maji, akalala tena. Vidole gani? Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Cha mwisho kizima kabisa. Hapo neva ya kati, mshipa wa fahamu upitao kwenye handaki la kifundo cha mkono, imejitaja yenyewe. (Kama kinachokufa ganzi ni kile cha mwisho, niachie kifundo, tukatazame kiwiko.)

Handaki lenyewe ni finyu: chini na pembeni mifupa, juu utepe mgumu usiotanuka, ndani kano 9 na neva hiyo. Chochote kikivimba humo, anayekamuliwa ni neva. Ndiyo maana naanza na mwili kabla ya kazi. Kisukari. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyozembea. Baridi yabisi. Unene. Kifundo kilichowahi kuvunjika. Ujauzito, hasa miezi ya mwisho mwili unapojaa maji. Wengi hupoa wakishajifungua. Wanawake hupata zaidi, na katika baadhi ya familia hurithiwa. Nayapitia mbio kwa sababu hakuna anayeyabisha. Tatizo, hakuna anayeyataja.

Kazi nayo ina hatia, ila si kila kazi. Kukaza mkono kwa nguvu, kurudiarudia, kifundo kimekunjwa, tena chombo kinatetemeka: msumeno wa mnyororo, drili ya kutoboa zege, kisu cha kukatia nyama kutwa nzima. Huko ushahidi una uzito. Kwenye kibodi tafiti zimevutana miaka na miaka: hii inaona uhusiano kidogo, ile haioni kitu. Mikono kuchoka na kuuma baada ya kuchapa ni kweli tupu, lakini maumivu hayo si ganzi ya neva, na hapa ndipo sauti hunipanda. Kuchapa kunaweza pia kuiamsha ganzi iliyokwisha kuwa na chanzo chake, basi kipanya anakamatwa kwa kukutwa eneo la tukio.

Mgonjwa wangu amekuwa akisikia baridi wenzake wakitoka jasho, choo kigumu, uzito unapanda. Nimemwandikia vipimo vya tezi na sukari. Vikirudi safi, itabidi nimwambie lile nisilopenda kulisema: wengi tunawatibu wakapona, na kilicholibana handaki hatukijui hadi leo.