Chalbi kwenda na kurudi: mambo ya kujua kabla hujaiacha lami ya Bubisa

Likizo zikikaribia, simu za ofisini kwetu huanza kulia mapema, na swali ni lile lile: je, mtu anaweza kwenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na kurudi siku hiyo hiyo? Anaweza. Ukiondoka Marsabit saa kumi na mbili asubuhi, ukafuata lami ya Moyale, ukaiacha lami hiyo hapo Bubisa na kushika njia ya Maikona, utafika kijiji cha Kalacha ungali na muda wa kupumzika chini ya mikoma, kuangalia michoro ya ukutani ya kanisa la pale, na kurudi Marsabit mlimani jua halijatua. Hatuna sababu ya kumkataza mtu. Utaondoka kwenye ukungu ukiwa umevaa koti, utapita nyika ya mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa kana kwamba yamemwagwa na lori, kisha macho yatafunguka ghafla kwenye weupe usio na mwisho, vilima vya Huri vikiwa upande wa kaskazini na mazigazi yakielea mbele yako kama bahari.

Weupe huo ndio unaotufanya tuandike. Magari mengi tunayoombwa kuyasaidia hayakuharibikia barabarani. Yalikuwa na barabara, mbaya lakini barabara, na dereva akaona uwanja ule mpana, tambarare kama meza, akajiuliza kwa nini ateseke na mashimo.

Chalbi ilikuwa ziwa maelfu ya miaka iliyopita. Maji yanayoteremka hapo hayana pa kutokea. Hukauka na kuacha chumvi. Unachokiona juu ni gamba tu, mfano wa ule utando unaoshika juu ya uji uliopoa, na chini yake tope linaweza kubaki wiki nyingi baada ya mvua. Tena si lazima mvua inyeshe pale ulipo. Ikinyesha Huri au mlima Marsabit, maji hufuata laga, yaani mito ya msimu, hadi jangwani huku wewe ukitazama mbingu ya buluu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenyeji wa Maikona si kama leo kutanyesha. Muulize lori la mwisho lilipita lini, na lilipita wapi. Fuata alama za magurudumu yake hata zikizunguka. Dereva wa lori na taniboi, msaidizi wake, hawakuzunguka kwa kupenda.

Kuna imani kwamba fo-bai-fo, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, haizami. Huzama, tena kwa uzito wake huzama kwelikweli, na gari la pili linalokwenda kulivuta huzama kando yake. Ndiyo maana tunasisitiza magari mawili, yaachane nafasi, lisifuate moja mgongoni mwa jingine.

Kuhusu tairi nitasema machache, kwani dereva wa njia hizi anajua. Spea mbili, kwa sababu yale mawe meusi hayatoboi, yanachana ubavu. Ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya mawe. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu, mbali na ya rejeta. Mtandao wa simu usiutegemee nje ya vijiji. Gari likikwama, kaa nalo. Watu hupotea wakitembea kufuata maji ambayo ni mazigazi.

Sasa sheria, maana hapa ndipo tunapobishana na watu kila siku. Wapo wanaoamini kwamba sheria ya trafiki huishia lami inapoishia. Sheria ya Trafiki, yaani Sura ya 403, haitofautishi lami na vumbi. Njia inayopitika kwa gari na ambayo umma unaifikia ni barabara. Katika jedwali la makosa madogo la mwaka 2016, kutofunga mkanda gari likiwa mwendoni ni shilingi 500, kutumia simu ukiendesha ni shilingi 2,000, na kutoa sehemu ya mwili nje ya gari linalotembea ni shilingi 1,000. Hili la mwisho lawahusu wanaokaa dirishani au kwenye keria ya juu ili wapigwe picha. Kosa huandikwa, na faini hulipwa kwa utaratibu rasmi. Hailipwi mkononi kwa askari, na anayekupa sharti hilo ana kosa lake.

Ukigonga mtu, gari au mnyama wa mtu, unatakiwa usimame. Utoe jina na anwani yako, jina na anwani ya mwenye gari, pamoja na nambari ya usajili, kwa yeyote mwenye sababu ya kuziuliza. Kama kwa sababu yoyote hukuzitoa, uripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24, uandikiwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na uichukue nambari yake, kwa kuwa kampuni ya bima itaiuliza. Tumewahi kuambiwa, na mtu aliyesoma, kwamba yule alikuwa ngamia wa porini. Kenya haina ngamia wa porini. Kila ngamia unayemwona Chalbi ana mwenyewe, ana alama ya ukoo ubavuni au shingoni, na mwenyewe atajua kabla hujafika Bubisa.

Bima nayo isomwe mapema. Bima ya gari binafsi haiwakingi abiria waliolipa nauli, hata mkiita ni mchango wa mafuta. Gari la kukodi, angalia kama mkataba unaruhusu kuacha lami, mingi hairuhusu. Droni ni lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mrushaji awe na idhini. Kusema ni ndogo si idhini. Na kwenye visima, ambako Wagabra, wafugaji wa eneo hili, hunywesha mifugo kwa zamu, kamera ikae mfukoni mpaka uruhusiwe.

Hali ya usalama ya siku husika tunaomba uiulize polisi Marsabit asubuhi ile ile. Makala haya hayawezi kuchukua nafasi ya ushauri wao.

Saa ya kugeuza ni saa nane mchana, popote ulipo. Kabla ya kutoka, mwachie mtu mjini njia utakayopita, nambari za magari, idadi ya abiria na saa ya kurudi. Ukirudi, mpigie simu. Tunalazimika kuliandika hili kwa sababu si mara moja vijana wetu wametoka usiku na tochi na kamba kutafuta gari, wakaja kulikuta limeegeshwa hotelini mjini, wenyewe wakiwa mezani wanasubiri nyama.