Upogoaji wa sinapsi hauui seli za ubongo

Mazungumzo ya malezi ya watoto wachanga siku hizi hayaishi bila mtu kutaja upogoaji wa sinapsi, na karibu kila mara husemwa hivi: mtoto asipochangamshwa kabla ya miaka 3, seli zake za ubongo zisizotumika hupogolewa, yaani hufa, wala hazirudi. Dhana ni ya kweli, ila maelezo hayo yamebeba mambo mawili tofauti ndani ya gunia moja.

Sinapsi ni mahali ambapo aksoni, yaani uzi mrefu unaopeleka ujumbe, ya niuroni (seli ya neva) moja inakutana na niuroni nyingine, aghalabu kwenye vitawi vyake viitwavyo dendriti. Katikati huwa na upenyo wa takriban nanomita 20, unaovukwa na kemikali zinazobeba ujumbe. Kupogoa sinapsi ni kuondoa baadhi ya miunganisho hiyo wakati mfumo wa neva unakua. Basi. Mkulima anayepogoa mkahawa haung'oi, na niuroni iliyopogolewa nayo inabaki hai.

Niuroni kufa kupo, tena kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea mapema zaidi. Kifaranga akiwa bado ndani ya yai, takriban nusu ya niuroni za uti wa mgongo zinazoendesha misuli ya mguu hufa katika muda wa siku chache. Mtafiti Viktor Hamburger alionyesha kwamba ukiondoa chipukizi la mguu, zinakufa nyingi zaidi. Ukipandikiza mguu wa ziada, zinanusurika nyingi zaidi. Niuroni hutegemea protini zinazotoka kwenye tishu zinazozifikia, na protini hizo hazizitoshi zote. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua protini za ukuaji, ikiwemo ile inayozihifadhi niuroni za hisia. Niuroni inayokosa protini yake hujivunja yenyewe kutoka ndani, kiini na vyote.

Upogoaji hauendi hivyo. Tazama msuli wa panya aliyezaliwa leo: kila unyuzi umeshikwa na aksoni kadhaa, kila moja ikitoka kwenye niuroni yake. Baada ya wiki mbili hivi, unyuzi una aksoni moja tu. Aksoni iliyoshindwa hujiondoa kidogo kidogo, ncha yake ikivimba na kudondosha vipande vinavyomezwa na seli jirani. Niuroni yake haijafa. Inaendelea kuendesha nyuzi nyingine ilikoshinda. Na hapa ndipo penye jambo linaloachwa kila mara: aksoni iliyobaki hutanuka, ikakalia nafasi iliyoachwa na kuongeza sehemu za kutolea kemikali. Washirika wamepungua, muunganisho umeimarika.

Vitawi vya dendriti hufuata mwendo huohuo. Kwa viluwiluwi vya chura na samaki wachanga, ambao miili yao huruhusu mwanga kupita, watafiti wamepiga picha niuroni zikikua ndani ya mnyama aliye hai. Vitawi vyembamba huchomoza na kurudi ndani ya dakika chache, na vingi hupotea. Kitawi kilichofanikiwa kujenga sinapsi ndicho chenye nafasi kubwa ya kudumu, na juu yake huchipuka vingine. Kwa hiyo kujenga na kubomoa huenda pamoja. Si kwamba ubongo hujenga kwanza, ukamaliza, kisha ukashika panga.

Wala kubomoa si hasara. Panya waliokosa protini za kinga C1q au C3, ambazo hutumika kutia alama sinapsi za kuondolewa, hubaki na miunganisho ya ziada kutoka kwenye macho, na njia za jicho la kulia na la kushoto hazitengani vizuri.

Kuhusu ile miaka 3: daktari wa neva za watoto Peter Huttenlocher alihesabu sinapsi katika gamba la mbele la ubongo wa binadamu, akachapisha mwaka 1979 kwamba msongamano wake huwa mkubwa utotoni kisha hushuka hadi ujana. Hesabu za baadaye zimeonyesha kushuka huko kukiendelea hata baada ya miaka 20. Sehemu ya kuona ina ratiba yake, nayo huanza mapema sana, ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito hutakiwa kufanyiwa upasuaji katika wiki za mwanzo. Akicheleweshwa, retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, yaweza kuwa nzima na bado ubongo usilisikilize jicho hilo ipasavyo.

Hivyo anayewaelimisha wazazi anaweza kuitumia dhana hii bila shida. Aseme miunganisho badala ya seli, na anapotaja umri, ataje pia ni sehemu ipi ya ubongo anayoizungumzia.