Kugandisha maji hakuyatakasi

Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unadai kuwa barafu ya kukwangua, iwe gola ya Mumbai au kakigori ya Japani, haina vijidudu kwa sababu baridi huviua. Si kweli, tuache kuusambaza. Vingi baridi huvilaza tu, haiviui. Virusi vya homa ya ini aina ya A hustahimili friza. Jaribu: gandisha donge la unga wenye hamira (nayo ni vijidudu hai) usiku kucha, liyeyushe, litaumuka.

Kinachowachanganya watu ni ung'avu. Weupe wa katikati ya barafu kwa kawaida ni hewa na madini yaliyosukumwa huko maji yakiganda, kwa hiyo barafu angavu nayo yaweza kubeba maradhi. Chemsha maji yatokote dakika 1 (3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari), yafunike yapoe, ndipo ugandishe. Kikwanguo nacho kioshwe, hasa kwenye wembe.